Waigizaji tunao, vipaji tunavyo, mbona tamthilia zetu haziaminiki? Tuongee uhalisia

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikianzishwa mada ya filamu zetu, hoja huwa zile zile: kamera mbovu, bajeti ndogo, waigizaji wamechukuliwa kwa sura. Mimi ni mtazamaji wa kawaida. Nimezifuata kazi hizi tangu enzi za Kaole pale ITV, nikapita kwenye kanda na DVD za Kariakoo, na sasa niko kwenye tamthilia za ving'amuzi zinazoruka kila siku ya kazi. Picha imekuwa nzuri sana, hilo halina ubishi. Lakini bado kuna kitu kinanikatiza. Dakika tano naamini, ya sita nakumbuka kwamba hawa ni watu wanaigiza. Nataka tukijadili hicho kitu, maana kinaniuma kwa sababu nazipenda hizi kazi.

Msimamo wangu nauweka mapema: tatizo letu ni masikio. Mwigizaji hamsikilizi mwenzake, na mwandishi hausikilizi mtaa.

Chukueni simu. Mtu wa kwenye tamthilia akipigiwa, anasema: "Halo! Unasemaje? Nini?! Nakuja sasa hivi!" Anakata. Nani kati yetu anaongea na simu namna hiyo? Mama yako akipigiwa na shangazi wa Singida, kwanza salamu, halafu watoto, halafu mvua huko vipi, mzee na miguu yake anaendeleaje, ndipo jambo lenyewe linapojitokeza. Na kuaga nako ni safari nyingine: "Haya. Haya mama. Eeh, haya. Wasalimie. Haya, baadaye. Haya."

Sasa fikirieni mwandishi mwenye masikio. Simu ya msiba inaingia, aliyepiga anashindwa kusema, anazunguka na salamu. Anayepokea anaanza kujua, kwa sababu salamu zimerefuka kuliko kawaida ya mtu huyo. Mwigizaji hana haja ya ukelele wowote. Anajibu tu "wazima… wazima… eeh, wazima," na kila jibu linazidi kuwa dogo. Hiyo ni dakika moja na nusu ya kuigiza isiyogharimu shilingi, na kila aliyewahi kupokea simu ya namna hiyo ataacha kutafuna sebuleni.

Salamu kwa ujumla tumezitupa, na hapo tumetupa hazina. Kwenye tamthilia, mkwe anaingia kwa mama mkwe wasiyeelewana na kuanza kufoka akiwa bado mlangoni. Kwetu sisi hata mtu unayemchukia unampa shikamoo yake, naye anaitikia, na humo humo ndimo ugomvi unapoonekana. Shikamoo inayotolewa huku mtu anavua viatu bila kuinua uso. Marahaba inayochelewa. Marahaba isiyofuatiwa na karibu. Nyumba nzima imeshajua vita imeanza na hakuna aliyetukana. Mwigizaji mzuri ukimpa hiyo shikamoo atakufanyia maajabu. Sisi tunampa kurasa mbili za matusi.

Nitaendelea na msiba, maana hapo ndipo naumia zaidi.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Msiba wa kwenye filamu: jeneza katikati, watu wanane wamevaa nyeusi na miwani ya jua, mmoja anajirusha juu ya jeneza anapiga kelele, muziki wa piano kwa juu. Nyeusi na miwani tumeziokota kwenye filamu za nje. Ndiyo, siku hizi mjini zipo familia zinazovaa hivyo, lakini msiba wenyewe hauko kwenye nguo.

Msiba wa kwetu mnaujua. Kinamama wako ndani kwenye mikeka, khanga kichwani na khanga kiunoni. Kinababa wako nje kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, mmoja ana daftari anaandika rambirambi jina kwa jina. Nyuma ya nyumba kuna masufuria makubwa na ubishi kuhusu mchele, hautoshi, nani atume bodaboda. Kuna watu wanacheka kabisa, tena kwa sauti, kwa sababu hawajaonana miaka. Mfiwa amekaa ukutani, amenyamaza, anajibu "asante" kwa kila anayempa pole, na anauliza kama wageni wa Morogoro wamepata pa kulala. Amekaa hivyo tangu asubuhi. Halafu anaingia mtu mmoja aliyechelewa, labda dada yake marehemu ametoka mbali, wanatazamana tu, na hapo ndipo huyu mfiwa anapokatika.

Mwigizaji anayeweza kuuliza habari ya wageni wa Morogoro huku ana donge kooni, huyo ndiye mwigizaji. Kulia ni rahisi. Binadamu wa kweli anajitahidi asilie mbele za watu, na sisi watazamaji tunaguswa na yale mapambano ya kujizuia, machozi yenyewe ni matokeo tu. Vivyo hivyo mlevi: mlevi wa kweli anajitahidi sana asionekane mlevi, anaweka miguu kwa uangalifu, anatamka maneno kwa adabu kupita kiasi. Wa kwetu anayumba tangu getini, chupa mkononi, shati limefunguliwa vifungo.

Hospitali sitaichambua sana maana imeshasemwa: dripu imebandikwa kwa plasta juu ya ngozi, mgonjwa mahututi ana kope za bandia, daktari anatoka mlangoni "tumejitahidi sana lakini…" Ninachotaka kuongeza ni kwamba hospitali halisi ina hadithi tayari. Foleni ya dirisha la kulipia. Ndugu mwenye hotpoti ya uji anayebishana na mlinzi kwamba saa ya kuona wagonjwa bado. Karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Mwandishi akikaa asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje pale hospitali ya wilaya, anarudi na vipindi kumi.

#3 Mchangiaji

Mleta mada umeandika vizuri ila umewaonea waigizaji. Mtu analipwa hela ya nauli unategemea akuletee uhalisia wa Hollywood?

#4 Mleta uzi

Mkuu, siwalaumu waigizaji, ndiyo maana kichwa cha uzi kimesema vipaji tunavyo. Ngoja nieleze ninavyoona tulifikaje hapa, kwa sababu kila tabia mbaya ya kwenye kioo ina chanzo chake.

Filamu zetu zilizaliwa na vikundi vya maigizo. Kaole ndiyo iliyotupa kina Ray, Johari, Kanumba, na hata Lulu akiwa mtoto mdogo. Utaratibu wa vikundi ulikuwa mwongozaji anaeleza kisa, "wewe umemfumania, wewe unakataa," halafu waigizaji wanatafuta maneno yao wenyewe. Utaratibu huo una uzuri wake, lugha inakuwa hai. Lakini ukiwa na watu wawili ambao hakuna anayejua mwenzake atasema nini, na kila mmoja anataka aonekane, wanapandana maneno. Ndiyo ile unasikia sentensi moja imerudiwa mara nne: "Yaani umenifanyia hivi! Mimi! Umenifanyia hivi mimi! Kweli umenifanyia hivi!" Mwigizaji ananunua muda wa kufikiria. Hawezi kumsikiliza mwenzake, kichwa kiko busy kutunga.

Kisha ikaja biashara ya DVD. Filamu moja inauzwa sehemu ya kwanza na ya pili, na kila sehemu lazima ijae. Ndipo tukaanza kuonyeshwa gari linaingia getini, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea, anagonga, anafunguliwa, anakaa, anaulizwa atakunywa nini. Watu wakasema waongozaji hawajui. Wengine walijua sana, walikuwa wanajaza diski.

Halafu sauti. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Kwa miaka mingi sauti ilinaswa na maiki ya kamera yenyewe, au maiki moja iliyoshikwa mbali, ndani ya nyumba za kuazima zenye vigae chini na madirisha ya alumini. Sebule ile ina mwangwi kama tangi tupu. Mwigizaji akinong'ona haisikiki. Kwa hiyo alifundishwa, kazi baada ya kazi, kuongea kwa kupaza. Mke na mume wako kitandani, sentimita thelathini kati yao, wanaongea utadhani mmoja yuko ng'ambo ya barabara. Ukipaza sauti, uso nao unapaza, mikono inapaza, mwili wote unafuata. Kinachoitwa kuigiza kupita kiasi kwa sehemu kubwa ni mtoto wa maiki mbovu.

Na ushahidi kwamba vipaji vipo uko wazi kabisa. Sikilizeni tamthilia za Kituruki ambazo Azam wanaziingizia sauti za Kiswahili. Zile sauti ni za Watanzania wenzetu. Mbona pale wananong'ona, wanasita, wanameza mate, wanacheka kwa uchungu, na unaamini? Ni kwa sababu wana maneno yaliyoandikwa mbele yao, chumba kimya, maiki nzuri mdomoni, na uso wa mtu mwingine wa kumsikiliza.

#5 Mchangiaji

Hapo kwenye sauti za Kituruki umenifungua akili mkuu. Sikuwahi kuwaza hivyo.

Ila mbona hao Waturuki wenyewe wanatazamana dakika nzima hawasemi kitu na tunawasifu? Huo nao ni uhalisia?

#6 Mleta uzi

Swali zuri. Kule kwao kipindi kimoja cha tamthilia kikirushwa kinaweza kupita saa mbili, na ni kila wiki. Lazima wajaze, kama sisi tulivyojaza DVD. Wao wanajaza kwa macho na muziki, sisi tulijaza kwa geti na gari. Sidai kwamba kutazamana dakika nzima ni maisha halisi. Lakini tazama yule anayetazamwa: uso wake unabadilika, unaona neno limeingia, linachimba. Mwigizaji anasikiliza. Kwetu mwenzake akiongea, huyu mwingine anasubiri zamu yake, macho yako kwenye kona, anajua sentensi yake inakuja. Mkizima sauti ya TV mtaliona hilo mara moja. Fanyeni leo usiku.

#7 Mchangiaji (Nairobi)

Nawasalimu kutoka huku Nairobi. Huu uzi ni moto. Wacha niongeze ya kwetu.

Sisi tulilelewa na vipindi vya vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani pale KBC. Kamera zilikuwa duni, seti ni kuta za mbao, lakini hakuna mtu angekwambia Ojwang si mtu wa kweli. Na Ojwang mwenyewe, marehemu Benson Wanjau aliyetuacha 2015, alikuwa Mkikuyu akiigiza mzee Mjaluo! Lafudhi, kofia, ile ndevu, vile anainuka kwa kiti, vile anaita Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo. Watu wengi walikuja kujua kabila lake baadaye sana na wakakataa kuamini. Ukiniuliza mimi, yule mzee alikuwa amekaa na watu akawasikiza, kama vile mleta mada anasema.

Siku hizi nikiwasha runinga, kila mhusika anaongea Kiswahili kile kile. Tajiri, mlinzi, mama mboga, mtoto wa chuo, wote wamemeza kamusi moja. Mlinzi wa kutoka Kakamega anasema "hakika nimeghadhabika." Wapi? Ile ilikuwa siri ya Vioja: kila mshtakiwa alikuja kizimbani na lafudhi ya kwao.

Pia filamu ya Nairobi Half Life ya 2012, kama hamjaiona itafuteni. Mwas anaanza kijijini akiuza kanda, anaigiza vipande vya filamu za nje ili watu wanunue, anarusha mikono, anapiga mayowe. Akifika jijini anaibiwa, anatupwa ndani, anapewa kazi ya kusafisha choo cha mahabusu, na huko ndiko anakutana na Oti, kiongozi wa genge la wezi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu kule Durban mwaka huo huo na alistahili. Sheng, Kiswahili na Kikuyu vinaingiliana vile tunaongea, hakuna mtu anatafsiriana.

#8 Mleta uzi

Kaka wa Nairobi, asante sana. Hilo la Wanjau limenipa hoja ambayo sikuwa nayo kichwani nilipoanza. Kuna watu wanadai ili uigize Mmasai lazima uwe Mmasai, uigize mfungwa uwe umefungwa. Wanjau anaonyesha kinachotakiwa ni kumheshimu mtu unayemwigiza kiasi cha kumsoma mpaka anavyoinuka kwenye kiti. Kwetu mhusika anayetoka mkoani akiwekwa kwenye tamthilia anapewa lafudhi ya kuchekesha na basi. Msukuma wa kwenye kioo ni mjinga kila siku. Mtu aliyekaa Mwanza hata mwezi mmoja anajua huo ni uongo, na uongo huo unaumiza watu.

Na hilo la lugha moja kwa wote, lipo huku pia, ila kwa sura nyingine: sasa wote wanaongea kama vijana wa Sinza. Bibi wa miaka sabini anamwambia mjukuu "acha kunizingua." Bibi zetu wana maneno yao makali zaidi ya hayo, ana methali moja tu itakukalisha wiki. Nendeni mkamsikilize bibi wa Pangani akimkanya mjukuu, hatataja hata jina lake, atamsema kupitia paka.

Watu wa redio hili walilijua zamani. Redio Tanzania mwaka 1993 walianza Twende na Wakati, na wale wa umri wangu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Hapakuwa na sura wala nguo, ilikuwa sauti tu. Lakini ulijua Mkwaju amerudi safari kwa namna anavyoingia, ulijua Tunu amechoka kabla hajasema amechoka. Kijiji kizima kilikuwa kinabishana kuhusu tabia za Mkwaju kama jirani yao. Mchezo ule ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, somo lilikuwepo waziwazi, ila watu walikuwa watu kwanza.

#9 Mchangiaji

Naomba nipingane na ninyi nyote kwa heshima. Mimi nikirudi kazini saa mbili usiku nimechoka, foleni ya Mbagala imenimaliza. Sitaki uhalisia. Uhalisia ninao nyumbani, kodi ya nyumba inaisha, LUKU inalia. Nataka kuona majumba, magari, watu wamependeza. Mnataka tuangalie foleni ya dirisha la dawa?

#10 Mleta uzi

Ndugu yangu, una haki, na wala sikupingi kuhusu majumba. Wekeni majumba, wekeni mapambo yote. Ninachoomba ni kwamba mtu wa kwenye jumba awe mtu. Tajiri naye ana namna yake ya kumsikia mwanawe akidanganya.

Na uhalisia siuchukulii kuwa ni umaskini, vumbi na huzuni. Angalieni vichekesho. King Majuto, mzee wetu wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, alikuwa anatia chumvi kila kitu, sura, mwendo, sauti. Lakini hukumwona hata mara moja akijaribu kuchekesha. Majuto alikuwa analalamika. Alikuwa na shida ya kweli, amenyimwa chakula, amedhulumiwa, mkewe hamwelewi, na anaona dunia nzima imemkosea. Alikuwa serious mpaka mwisho, wewe ndiye uliyekufa kwa kicheko. Wachekeshaji wengi waliomfuata wamechukua ule mdomo na ile miguu, wakaacha ile shida. Wanacheka wenyewe kabla yako. Kutia chumvi si uongo, mradi mhusika mwenyewe anaamini.

#11 Mchangiaji

Habari zenu. Mimi ni dada, nimefanya kazi ya kupaka waigizaji vipodozi kwenye tamthilia kadhaa, sitataja ni zipi wala kampuni zipi. Nimesoma kila kitu hapa na nataka niwaambie yanayotokea upande wa pili.

La kwanza, hizo kope za bandia hospitalini. Mara nyingi mimi huwa nazivua. Mwigizaji anazirudisha. Anasema nikionekana hivi watu watanikata picha wanitupe Instagram, "fulani kazeeka," "fulani kumbe mbaya," kisha mtu wa matangazo aliyetaka kufanya kazi na mimi anakimbia. Na ni kweli wanafanyiwa hivyo. Niliwahi kumwandaa dada mmoja acheze mama aliyefiwa na mtoto, hakupaka chochote, alivimba macho kweli kwa sababu alilia kweli. Alicheza vizuri mpaka mshika taa aliondoka kwenda nje. Kipindi kilipotoka, maoni ya watu yalikuwa uso wake. Hakuna aliyesema ameigiza. Kazi iliyofuata alikuja na mtu wake wa vipodozi.

La pili, kasi. Tamthilia ya kila siku inataka vipande vingi sana kwa siku moja. Mwigizaji anapewa karatasi asubuhi hiyo hiyo, wengine wanasomewa wakiwa kwenye kiti changu. Kuna siku mtu analia saa nne asubuhi, saa tano anafunga ndoa, saa sita anarudi kulia, kwa sababu vipande vya sebule vinapigwa vyote pamoja. Nguo tu na nywele kukumbuka alikuwaje ni vita. Mnaposema asikilize, muda wa kusikiliza anautoa wapi?

#12 Mleta uzi

Dada, huu ndio mchango bora kuliko wote kwenye uzi huu, mimi nikiwemo. Nakushukuru umeingia.

Hilo la kope ni letu sisi watazamaji na tulikubali bila kujitetea. Tunadai uhalisia, halafu mtu akitupa uhalisia wa uso wake tunamvua nguo mtandaoni. Hatuwezi kudai vyote viwili. Mimi kuanzia leo nikiona picha ya namna hiyo inasambazwa nitaandika chini yake jina la kipande alichoigiza na jinsi alivyokiigiza, na ninawaomba na ninyi mfanye hivyo. Yule dada aliyelia mpaka mshika taa akatoka alistahili kuambiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.

Kuhusu kasi, siwezi kubishana na aliyekuwepo. Ila niulize: je, katika vipande hivyo vyote vya siku, haiwezekani kuchagua kimoja tu kwa kila kipindi, kile ambacho hadithi yote inakitegemea, kikapewa saa yake? Kisomwe mezani siku moja kabla. Wale wawili wakae chumba kimoja bila kamera, wasemezane mpaka maneno yazoee midomo. Vingine vyote vikimbie. Mtazamaji anasamehe vipande ishirini vya haraka akipewa kimoja cha kweli.

#13 Mchangiaji

Suluhisho ni moja, watu wasome. Bagamoyo chuo kipo, Mlimani kuna idara ya sanaa. Wanaochukuliwa ni warembo wa video za muziki na wenye wafuasi wengi. Mwisho wa habari.

#14 Mleta uzi

Mkuu, shule naiunga mkono. Bagamoyo inafundisha tangu 1981, na ukiona mtu aliyepita pale anavyosimama unajua. Ila siifanyi kuwa mwisho wa habari. Mwaka 1948 huko Italia, Vittorio De Sica alimchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza, akamfanya baba anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa mitaani Roma. Hadi leo filamu ile inafundishwa duniani. De Sica mwenyewe alikuwa mwigizaji, alijua kumwongoza mtu asiyejua, alijua amwombe nini na asimwombe nini. Kwa hiyo hata huyo mrembo wa video ya muziki simkatai. Nikimwona ameharibu, swali langu la kwanza ni nani alikuwa amesimama nyuma ya kamera, na alimwambia nini zaidi ya "lia, lia zaidi."

Hapa nyumbani tuna mfano wa karibu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipelekwa hadi tamasha la Toronto. Siti Amina ni mwanamuziki, watu wa Unguja wanamjua kwa taarabu yake, na pale kwenye filamu hujui kama huyu ni mwimbaji aliyeazimwa. Watu wanaongea Kiswahili cha Unguja bila kukitangaza, wanaongea chini chini kama watu wanaojua kuta zina masikio, maana ni miaka ya 1950 na Mwingereza yupo. Baadhi ya rafiki zangu walilalamika inakwenda taratibu. Mimi niliona watu wanafikiri kabla ya kujibu, na kwa kweli nilikuwa nimesahau kwamba mtu wa kwenye filamu ya Kiswahili anaweza kufikiri kabla ya kujibu.

#15 Mchangiaji (Nairobi)

Mleta mada, ukipewa pesa kidogo ya kurekebisha kitu kimoja tu, unaanza wapi? Usiseme vyote.

#16 Mleta uzi

Sauti, kaka. Bila kusita.

Uza taa moja, punguza gari la kukodi, hamisha kile kipande cha sebule ya vigae ukipeleke chumba chenye mazulia na mapazia mazito, au tundika mablanketi nyuma ya kamera, ukuta ule ambao mtazamaji hauoni. Nunua maiki ndogo za kubana kwenye nguo, mbili tu, ya huyu na ya yule. Halafu waambie waigizaji: leo ongeeni kama mnavyoongea nyumbani, tutawasikia. Mwigizaji akijua anasikika hata akinong'ona, mabega yanashuka. Akishusha mabega anaanza kumtazama mwenzake. Akimtazama mwenzake anaanza kumjibu yeye, badala ya kuijibu karatasi.

Na muziki upunguzwe pale wanapoongea. Kama kipande kinahitaji piano ili tujue ni cha huzuni, basi kipande chenyewe hakijakamilika.

Dada wa vipodozi, kama bado upo, naomba utuambie jambo moja: kwenye hizo kazi ulizofanya, mshika maiki alikuwa anasikilizwa akisema "turudie, sikupata"? Au kazi ilikuwa inaendelea tu?

#17 Mchangiaji (dada wa vipodozi)

Nipo. Mara nyingi kazi ilikuwa inaendelea tu. Mwongozaji akiuliza "picha iko sawa?" na ikawa sawa, tunahamia kinachofuata. Kwenye tamthilia moja tu nilimwona mshika maiki akiinua mkono na watu wote wakasimama. Hiyo ndiyo pekee ambayo mama yangu aliwahi kuitazama mpaka mwisho bila kuniuliza "kasemaje?"